Nimefaulu nusu ya mtihani wa udaktari wa meno Uingereza, na akiba tuliyonayo ni ya kuezeka nyumba

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto wawili, naishi Leicester na mume wangu. Nilisomea udaktari wa meno Muhimbili miaka mitano, nikamaliza mafunzo kazini, nikaajiriwa hospitali ya mkoa. Kazi nilikuwa naipenda. Asubuhi ukifika unakuta benchi limejaa. Wengi wamevumilia jino miezi na miezi, wametafuna karafuu, wamemeza dawa za dukani, na wanapokuja kwako shavu limeshavimba. Nimeng'oa meno mengi mno. Nimeziba pia, na mizizi nilikuwa natibu kila vifaa vilipokuwepo.

Mume wangu ni muuguzi. Alipopata kazi huku, mimi na watoto tukamfuata kwa viza ya mtegemezi. Hapa siwezi kumgusa mgonjwa jino mpaka nifaulu mtihani wa ORE, wa madaktari wa meno waliosoma nje, ambao uko chini ya baraza lao la meno, GDC. Nilifanya mtihani wa Kiingereza, IELTS, nikapeleka vyeti na uthibitisho wa saa 1,600 za kuhudumia wagonjwa, nikawa nasoma usiku watoto wakishalala. Sehemu ya kwanza ni karatasi mbili kwenye kompyuta, saa tatu kila moja. Mara ya kwanza nilifeli, baadaye nikafaulu. Siku matokeo yalipotoka mume wangu aliingia jikoni mwenyewe akapika pilau.

Sehemu ya pili ndiyo inaninyima usingizi. Ada niliyoiona ni pauni 4,235, kwa pesa ya nyumbani ni zaidi ya milioni kumi na tatu. Bado kozi ya kufanyia mazoezi kwenye kichwa cha bandia, ambayo kwa siku chache tu inameza mshahara wangu wa mwezi, bado nauli na mahali pa kulala. Na hata ukiwa na pesa, nafasi zikifunguliwa zinajaa kwa dakika chache. Nimeshakaa mbele ya kompyuta kadi ya benki mkononi, ukurasa unazunguka tu, ukija kufunguka nafasi hakuna.

Pesa tuliyonayo ni ya nyumba. Tuna boma Kigamboni limefika kwenye lenta. Mume wangu anasema mvua zinalipiga, tofali zinaanza kuota ukungu, tuezeke kwanza. Juzi nilipomwambia nataka kujaribu sehemu ya pili alinyamaza kidogo, akasema, "Hela hii tukiipoteza, tutamwambia nani?" Hakugomba. Lakini toka siku hiyo hatujalizungumza tena.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naogesha, nalisha, nabadilisha mashuka. Mwezi uliopita nilikuwa nampiga mswaki bibi mmoja, nikamtoa meno yake ya bandia nikayasuuze, nikaona pembeni mwa ulimi kidonda kina kingo ngumu. Nilimuuliza kimemuanza lini, akasema tangu kabla ya siku yake ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa imepita zaidi ya mwezi. Mama, nilijua ninachokiangalia. Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia huyu aonwe haraka. Akaniuliza, "Wewe umejuaje?" Nikamwambia nilikuwa daktari wa meno kwetu. Akaandika kwenye faili, akapiga simu kwa daktari, sawa, lakini lile neno "nilikuwa" lilinitoka mwenyewe na limenikaa kifuani mpaka leo.

Februari 2024 niliona kwenye taarifa ya habari kliniki ya meno imefunguliwa mtaa wa St Pauls, Bristol. Mamia ya watu wakapanga foleni barabarani kuandikishwa, hadi polisi wakaja kuisimamia. Nikawaza, watu hawa wananihitaji na mimi niko hapahapa.

Mkono wangu haujashika drili tangu nije. Naogopa umekufa. Nina miaka mitano tangu nilipofaulu sehemu ya kwanza, nayo inakwenda. Je, niishike pesa ya bati nijaribu? Nimsikilize mume wangu nisubiri? Au nirudi Tanzania kwa muda, nifanye kazi mkono urudi, kisha nije nifanye mtihani? Dada yangu anasema niachane nayo, mbona watu wanaishi vizuri tu na kazi za kutunza wazee. Lakini yeye hajui ilivyo.

Ni mimi, Mama wa Wawili, Leicester

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma, na pale kwa yule bibi nimeparudia. Mtu mwenye kidonda cha mdomoni kisicho na sababu inayojulikana, kilichozidi wiki tatu, hata miongozo ya tiba ya hukohuko Uingereza inataka apelekwe haraka kwa wataalamu. Wewe uliuliza kimeanza lini, ukapima jibu, ukaenda kwa anayehusika na hukunyamaza alipokuhoji. Sijui bibi huyo amekutwa na nini, na naomba kiwe kitu chepesi. Ila ulichofanya siku ile ni udaktari, mwanzo hadi mwisho. Neno "nilikuwa" lisikutishe. Sheria ya nchi uliyopo inasema hujasajiliwa. Haisemi kwamba hujui.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Kwa nilivyokuelewa, pesa ni ya wawili na haitoshi mambo mawili. Muda una mwisho. Mume ameuliza swali ambalo halijajibiwa. Na chini ya yote hayo iko hofu ya mkono. Nianze na muda, maana hapo nimeshtuka kidogo.

Umeandika una miaka mitano tangu ulipofaulu sehemu ya kwanza. Angalia tena masharti. Inavyoelezwa, sehemu ya pili inatakiwa ifauliwe ndani ya miaka mitano tangu siku ulipofanya sehemu ya kwanza kwa mara ya kwanza, na wewe mara ya kwanza ulifeli. Yaani saa ilianza kuhesabu siku ile ya mtihani uliofeli, si siku ya pilau. Kila sehemu pia ina majaribio manne tu. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta tarehe hiyo, kisha waandikie GDC wakuthibitishie kwa maandishi siku yako ya mwisho ni ipi. Fanya hivyo kabla hujazungumza na mtu yeyote, hata mumeo. Inawezekana muda ni mfupi kuliko mnavyodhani wote wawili, na "tuezeke kwanza, mtihani baadaye" ikawa na maana nyingine kabisa. Jambo jingine, tangu 2023 nafasi za sehemu ya kwanza ziliongezwa mara tatu, lakini za sehemu ya pili hazikuongezwa kwa kasi hiyo. Waliofaulu ni wengi, mlango wa pili ni mwembamba. Kwa hiyo ukihesabu miaka iliyobaki, usihesabu kana kwamba kila awamu utapata kiti.

Hofu ya mkono nayo nataka tuichambue. Unasema umekufa. Nakuuliza, mkono upi? Ule unaojua kung'oa jino lililovunjikia ndani, mgonjwa ameshikilia kiti kwa nguvu, mwanga ni wa shida? Huo siamini umekufa. Lakini huo si ndio unaopimwa kwenye kichwa cha bandia. Pale unapewa meno ya plastiki na muda wa saa tatu. Unalichonga jino kulitayarisha kwa kofia ya kulifunika, unatoboa sehemu iliyooza kati ya meno mawili ili kuziba, unafungua njia ya kwenda kwenye mzizi, na mtahini anaangalia pembe, kina, na kama ncha ya drili imelikwaruza jino la jirani. Jino la plastiki ni laini kuliko jino la mtu, halina upinzani ule mkono wako ulioujua. Mwenye mazoea ya jino la kweli anazidisha kina kabla hajajua. Kazi hizi, kwa benchi ulilonielezea, ulikuwa unazifanya mara ngapi? Mtu akija na jino limeoza hadi mzizini na shavu limevimba, wala hana pesa ya kurudi mara tatu, linang'olewa. Hilo si kosa lako. Ndivyo ugonjwa unavyotufikia.

Ndiyo maana wazo la kurudi nyumbani miezi kadhaa ili mkono urudi lina jambo la kulifikiria upya. Utarudisha kujiamini, hilo sina shaka, na kujiamini si kitu kidogo. Lakini ukirudi kwenye benchi lilelile utarudi Leicester hodari wa kung'oa, na plastiki itakuwa ngeni vilevile. Kama utakwenda, basi itafute kliniki inayofanya kofia na mizizi kila siku, hata kama malipo ni madogo, na upige hesabu ya nauli, ya watoto kubaki na baba mwenye shifti za usiku, na ya masharti ya viza yenu. Safari hiyo ikijumlishwa, huenda ikakaribia bei ya kozi ile inayokutisha.

Upande mwingine wa mtihani naona umejidharau. Sehemu ya pili si drili peke yake. Kuna vituo unakopita kimoja baada ya kingine, muda mfupi kila kimoja, na mara nyingi aliyekaa mbele yako ni mwigizaji anayecheza mgonjwa. Kuna mgonjwa unayekabidhiwa historia yake na picha zake za eksirei, upange matibabu na uyatetee. Kuna dharura, mtu ameishiwa pumzi kitini, sukari imeshuka, moyo umesimama. Kwenye vituo vile, madaktari wetu wengi wanakwama kwa sababu ya mazoea. Sisi tumezoea "fungua mdomo, pole, subiri ganzi ishike." Kule unatakiwa umuulize mgonjwa anaogopa nini, anataka nini, umweleze njia zote pamoja na ile ya kutofanya chochote, kwa Kiingereza cha mtu wa kawaida, kisha umwache aamue. Wewe kila siku uko na wazee wa Kiingereza. Unajua wanavyolalamika bila kulalamika, unajua mtu akisema "niko sawa" kumbe hayuko sawa. Bila shaka na mafunzo ya huduma ya kwanza mmepewa kazini. Dada yako anaiona kazi hiyo kama mahali pa kutulia, wewe unaiona kama mahali pa kupotelea. Mimi naona ni mazoezi ya nusu ya mtihani, na unalipwa.

Sasa baba watoto. "Hela hii tukiipoteza, tutamwambia nani?" Wewe umelisikia kama hapana. Mimi nimelisoma kama swali la mtu anayebeba jambo peke yake. Pengine kuna ndugu wanaouliza nyumba imefika wapi, pengine kuna waliochangia tofali. Pengine anaogopa kukuona ukifeli tena, maana mara ile alikuona. Au kweli hataki, na hilo nalo ana haki ya kulisema. Hatujui, kwa sababu mmenyamaza. Mwanamume anayeingia jikoni kupika pilau kwa ajili ya matokeo ya mkewe si adui wa masomo yake. Ningeanzia hapo kabla ya kufikiri kuishika pesa. Kuitoa bila makubaliano, hata ukifaulu, utakuwa umejenga kiti chako juu ya kinyongo, na ukifeli sitaki hata kuandika.

Mkikaa, kaeni na karatasi. Andikeni ada, kozi, nauli, na pia ada ya kurudia, kwa sababu ukirudia unalipa upya. Andikeni bati, mbao, fundi. Na muulizane kama lazima iwe moja au nyingine. Boma lililofika kwenye lenta linaweza kufunikwa juu ya kuta kwa nailoni au saruji nyepesi likasubiri msimu mwingine. Fundi mwaminifu atawaambia linaweza kusubiri kiasi gani. Mtihani wenye tarehe ya mwisho hausubiri. Lakini pia kuna ukweli wa upande wake. Nyumba ukiiezeka imeezekwa, mtihani ukiulipia hujanunua matokeo. Wote wawili mnasema kweli, ndiyo maana ni ngumu.

Kuna njia nyingine za kuzitazama kabla ya kuamua. Royal College of Surgeons of England wana mtihani wao, LDS, ambao nao unamfikisha daktari kwenye usajili wa GDC. Una sehemu mbili, una ada zake, na nafasi zake nazo zinagombaniwa. Waandikie uwaulize kama sehemu uliyofaulu ina uzito wowote kwao, na usilipe hata senti mpaka wamekujibu.

Njia ya pili ni kuingia kliniki kama msaidizi wa daktari wa meno, yule anayekaa upande wa pili wa kiti na kupokeza vifaa. Ukiwa kwenye mafunzo yanayotambuliwa, inaruhusiwa. Wapo wenzako wanaokataa kwa sababu wanaona ni kushushwa, na sitawalaumu. Kukaa pembeni ukiangalia mtu anafanya kazi unayoiweza kunauma kwa namna yake, na mshahara unaweza usizidi ulionao. Faida yake ni kwamba utaona kila siku jinsi wanavyoandika rekodi, wanavyosoma picha, wanavyomweleza mgonjwa gharama za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, na utawajua madaktari ambao siku moja wanaweza kukuachia kiti chenye kichwa cha bandia jioni ukafanye mazoezi. Usije ukadanganywa na mtu akakuambia ujisajili kwanza kama msafishaji meno kwa kutumia shahada yako ya udaktari. Mlango huo kwa madaktari wa meno waliosoma nje ulifungwa Machi 2023.

Wapo pia waliokwenda Oman na Imarati, ambako leseni inapitia mtihani wa kompyuta na uhakiki wa vyeti. Kwa mtu asiye na familia Leicester ningelieleza kwa kirefu. Kwako linagawa nyumba, nimelitaja tu ulijue.

Na kuacha je? Nalo ni chaguo, mwanangu, na nisingependa ulifikirie kama aibu. Ila nakuomba utofautishe kuacha mtihani wa Uingereza na kuacha udaktari. Ukirudi Tanzania kesho, wewe ni daktari wa meno. Kwa hiyo lolote mtakaloamua, usajili wako kwa Baraza la Madaktari Tanganyika usiuache ufe. Angalia wanadai nini, ada, mafunzo endelevu, na ulipe. Hata GDC siku ya kukusajili watataka barua ya hadhi njema kutoka kwa baraza la kwenu, kwa hiyo pesa hiyo ndogo inakulinda njia zote mbili.

Jambo moja hujaniandikia, na ningependa ulijue mwenyewe kabla ya kukaa na mumeo. Ukifaulu, itakuwaje? Kufanya kazi za NHS kuna orodha nyingine ya kuingia na kipindi cha kusimamiwa, na nafasi za kusimamiwa mara nyingi ziko mbali na miji mikubwa. Je, mko tayari kuhama Leicester? Nani atapeleka watoto shule? Mara nyingi mtu anapigania mtihani kwa nguvu zote, akifaulu ndipo nyumba inaanza kuuliza maswali hayo. Mkiyauliza sasa, pengine hata yeye ataona kuna mshahara upande wa pili wa hizo pauni 4,235, au wewe utaona kuna gharama hukuwa umeitazama.

Nakuelewa ukisema dada yako hajui ilivyo. Mwambie kuhusu yule bibi, kama hujamwambia. Na mumeo umemwambia? Barua yako haisemi. Kama hajui, anabishana na ada ya mtihani tu, hajakutana na kinachokuuma. Mweleze siku ambayo hana shifti, watoto wakiwa wamelala, kisha ndipo mtoe karatasi.

GDC wakikujibu kuhusu tarehe, niandikie tena, tuone imebaki miezi mingapi, hata kama mmeshaamua kununua bati.

Mshauri wako